Nani Apande Ngazi?

Mtu agongwapo na gari akikata barabara kubwa, na ikawa hapo karibu pana daraja la miguu, maneno ya watu huwa ni mamoja: "Amejiua mwenyewe. Daraja lilikuwapo." Hukumu hii hutoka upesi, na khasa vinywani mwa walio ndani ya magari. Twawaomba wasomaji wetu waitazame kwa utulivu, kwani ndani yake mna mas'ala ya uadilifu yanayotuhusu hata sisi watu wa pwani, ijapokuwa mfano tutakaoushika ni wa Nairobi.

Katika mji ule iko barabara iitwayo Outer Ring, yenye urefu wa kilomita 13 hivi. Yaanzia Thika Road, ikapita Kariobangi, Umoja na Donholm, hata ikafika pande za Pipeline. Jina lake lasema kuwa ni duara la nje, lakini mji umekwisha kuivuka zamani, na leo mitaa imejaa huku na huku. Mtu alala upande mmoja, na soko lake, shule ya watoto wake na steji ya matatu ziko upande wa pili. Katika miaka ya 2010 barabara hii ilipanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kandoni mwake zikawekwa njia za miguu na za baiskeli. Ilikuwa kazi kubwa, na aliyeijua ile foleni ya zamani hawezi kuikana faida yake. Lakini magari yalianza kwenda mbio kabla madaraja yote ya miguu hayajakwisha kujengwa, na watu wakafa juu ya lami wakitoka mtaa huu kwenda mtaa ule.

Wala jambo hili si la barabara moja. Tangu mwaka 2021 hata 2024, kila mwaka walikufa watu zaidi ya 4,000 katika barabara za Kenya, na fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la waendao kwa miguu.

Sasa na tulipime daraja lenyewe. Tuseme sakafu yake iko mita 6 juu ya lami, ili malori yapite chini. Ukiweka vipandio vya sentimita 15, basi mtu apanda vipandio 40 na kushuka 40. Ukiweka mteremko badala ya ngazi, kwa kiasi kinachoshauriwa kwa kiti cha magurudumu, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 12, mteremko huo wataka mita 72 kila upande. Jumla ni mita 144 za kupanda na kushuka kwa ajili ya kuvuka barabara ambayo pengine upana wake haufiki mita 40. Na hapo hatujahesabu mwendo wa kulifikia daraja na kurudi. Mfikirie mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi, au mzee wa magoti, au kijana mwenye baiskeli iliyofungwa makreti ya mikate. Huyu wa baiskeli akikuta ngazi tupu, kwake daraja hilo ni ukuta. Mwenye gari je? Yeye amekaa, injini yamfanyia kazi, wala hakuombwa hata kupunguza mwendo.

Hapa ndipo ilipo shina ya mas'ala. Anayeleta khatari ndiye wa kwanza kubeba gharama ya kuizuia. Mwenye mbwa mkali ndiye afungaye mlango. Jirani haambiwi aruke ukuta. Mafakihi wa zamani walipomzungumzia mtu aliyechimba kisima katika njia ya watu wote bila ya ruhusa, dhamana waliiweka juu ya mchimbaji. Hawakuanza kwa kumwuliza aliyetumbukia kwa nini hakuangalia. Ilhali barabarani sisi twaanza na huyo aliyetumbukia, na pengine hapo hapo twakomea.

Huenda mtu akasema: "Serikali imekwisha toa fedha, daraja limesimama, na asiyelitumia ni mvivu na mvunja sheria." Twamjibu kuwa wavivu wapo, na kila mtu yampasa kuilinda nafsi yake, hatumtetei kijana akatizaye mbele ya lori huku anatazama simu. Lakini jambo linapofanywa kila siku na maelfu ya watu, wakiwamo wazee na wanafunzi, uvivu hautoshi kuwa sababu. Watu hupita pale ambapo mahitaji yao yapo. Daraja likiwekwa mbali na steji, au likawa giza usiku na wezi wakalifanya maskani, basi anayekata chini amelinganisha khatari mbili akachagua moja. Kuwakamata hawa na kuwatoza faini, kama ilivyowahi kufanywa Nairobi, ni kuyatibu maradhi kwa kumpiga mgonjwa.

Tutazame pia khatari yenyewe yatoka wapi. Mtu mzima akikata mita 7 za lami kwa mwendo wa kawaida hutumia kama sekunde 6. Katika sekunde hizo, gari liendalo kilomita 60 kwa saa huwa limekwenda mita 100. Liendalo kilomita 30 huwa limekwenda mita 50. Na nguvu ya kugonga haizidi kwa kadiri ya mwendo tu: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu yazidi mara nne. Kwa hivyo mkutano wa mawaziri wa nchi nyingi uliofanyika Stockholm mwaka 2020 ulitaka mwendo usipite kilomita 30 kwa saa mahali watu wa miguu na wa baiskeli wanapochanganyika na magari. Tuta, taa nyekundu na kisiwa cha kusimama katikati ya barabara ni vitu vya bei rahisi kuliko daraja la chuma, lakini vyamgharimu mwenye gari dakika zake, na nadhani hiyo ndiyo sababu ya kutopendwa.

Wazee wetu wa Lamu waliijua hesabu hii bila ya wahandisi. Tajiri aliyetaka kuiunganisha nyumba yake na ya ng'ambo alijenga wikio juu ya njia, na watu wakaendelea kupita chini yake kama walivyozoea, na punda wao na mizigo yao. Mwenye haja ndiye aliyepanda juu kwake.

Wala tusidhani kuwa haya hayawezekani penye magari mengi. Huko Uholanzi, katika mji wa Eindhoven, mwaka 2012 lilifunguliwa daraja la duara kwa ajili ya baiskeli, liitwalo Hovenring, limening'inizwa kwa nyaya 24 juu ya njia panda kubwa. Linasifiwa kwa umbo lake, nasi twalisifu kwa jambo lisiloonekana katika picha: walipoona kuwa mteremko utamchosha mwenye baiskeli, waliichimba barabara ya magari ikashuka kwa mita moja na nusu. Magari yaliteremshwa ili mtu asipande sana. Najua kuwa fedha zao si zetu. Lakini kuamua nani atangulizwe hakununuliwi dukani. Kaunti ya Nairobi yenyewe ilitoa mwaka 2015 sera iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya fedha za usafiri kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli.

Sisi nasi zamu yetu imefika. Barabara ya kutoka Mombasa kwenda Mtwapa na Kilifi imeanza kupanuliwa katika miaka hii ya 2020, na kando yake kuna misikiti, madrasa na masoko ambayo watu wake hukata njia mara nyingi kwa siku. Katiba ya mwaka 2010 imewapa wananchi haki ya kushirikishwa, na mikutano huitishwa, tena mara nyingi viti huwa vitupu. Atakayekwenda asiulize tu kama daraja litakuwapo. Aulize ni mita ngapi kutoka mlango wa madrasa hata kulifikia, lina vipandio vingapi, taa zake zitawashwa na nani, mwenye baiskeli atapita wapi. Na kama jibu ni kuwa mtoto wa miaka saba atembee robo saa ili lori lisipunguze mwendo, amwombe mhandisi aliseme jibu hilo kwa sauti, mbele ya wazazi.