Heshima Inayonunuliwa

Katika hoteli kubwa za miji kama London, Chicago na Dubai, aghalabu iko sebule, mara nyingi katika ghorofa za juu, ambayo mlango wake haufunguki ila kwa kadi ya mgeni aliyepewa idhini. Ndani mna viti vya kuegemea, magazeti, na kahawa mchana kutwa; asubuhi huandaliwa kifungua kinywa, na jioni vitafunio na vinywaji ambavyo hapana mtu adaiye bei yake. Idhini hiyo hupatikana kwa njia mbili: kulipia chumba cha bei ya juu, au kuwa mteja wa siku nyingi. Katika kampuni ya Marriott, kwa mfano, msafiri aliyetimiza usiku 50 katika mwaka mmoja hufikia daraja ambalo humfungulia sebule hizo katika hoteli zake nyingi.

Mtu akitazama meza peke yake hataelewa kwa nini sebule hii hutamaniwa. Mkate wa juu si mwororo kuliko wa chini, wala kahawa yake si chungu ya namna nyingine. Kinachouzwa ni mlango. Na mlango hauna thamani mpaka wawepo watu wa kubaki nje yake. Wageni wote wakipewa kadi, sebule itageuka kuwa chumba cha kulia tu, tena chenye msongamano. Basi hapana budi kuuliza: je, ni halali kwa mtu kufurahia kitu ambacho utamu wake umo katika kunyimwa kwa mwenzake?

Historia ya hoteli za Marekani huonyesha kwamba si kila anasa huwa hivi. Mwaka 1829 Tremont House ya Boston iliwapa wageni vyumba vyenye kufuli, katika zama ambazo msafiri aliweza kulazwa kitanda kimoja na mtu asiyemjua. Mwaka 1908 Ellsworth Statler alifungua hoteli Buffalo ambamo kila chumba kilikuwa na bafu lake, na bei ilianzia dola moja na nusu. Kufuli na bafu vilikuwa fahari ya wachache, vikashushwa mpaka vikawafikia wengi. Wala bafu la mtu halikupoa maji kwa sababu jirani yake amepata lake. Sebule ya juu haiwezi kushushwa hivyo. Siku itakapowafikia wote, itakuwa imekufa.

Watetezi wake husema kwamba heshima na faida zimetembea pamoja tangu kale, na kusema kweli wana ushahidi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona vijana wakienda na mashua kulaki jahazi, kila mmoja na chakula cha kumkirimu mfanyabiashara mmoja, ili amtwae awe mgeni wake. Kisha mwenyeji huyo ndiye aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa. Asemaye kwamba ukarimu wa pwani ulikuwa safi kama maji ya mvua hakusoma vizuri. Lakini kijana yule alijifunga pamoja na mgeni wake: jina la nyumba yake lilikuwa rehani, na mgeni naye aliondoka akiwa na deni la wema. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo Waswahili. Katika sebule ya hoteli deni lote huisha pamoja na hesabu ya malipo. Mtumishi humwamkia mgeni kwa jina alilolisoma katika kompyuta. Daraja likishuka mwakani, salamu hiyo humwendea mwingine. Mtumishi hana kosa, maana naye ameajiriwa.

Haifai, hata hivyo, kumhukumu kila aingiaye. Yuko mwanamke asafiriye peke yake kwa kazi, ambaye hapo hula chakula cha jioni bila kutumbuliwa macho na walevi wa baa. Yuko na baba aliyezipata usiku zake 50, nazo ni usiku 50 ambazo watoto wake walilala bila yeye. Kupumzika kwao si dhambi. Ubaya huanza pale mtu anapoamini kwamba mlango umemshuhudia ubora wake, ilhali umesoma kadi tu.

Iko kanuni moja ambayo wapenda vyeo hawaitaji sana: katika sebule nyingi mwenye kadi huruhusiwa kuingia na mtu mmoja asiye na kadi. Kwa nafasi hiyo moja mteja aweza kuwa mwenyeji tena, akamkaribisha mtu katika kitu ambacho yeye mwenyewe amekinunua. Wengi humwingiza mke, au mwenzi wa kazi. Asiyemjua mtu katika mji huo huiacha nafasi ikae tupu, akala karanga zake mbele ya dirisha, taa za barabarani zikiwaka chini, kisha akaenda kulala.