Umemnyang'anya Mkuki, Umempa Nini?

Ujumbe wa ibada ya Jumapili
Maandiko: Mathayo 12:43-45, Wafilipi 3:4-14

Kwa wale ambao hawakufika ibadani kwa sababu ya kazi au ugonjwa, huu ndio ujumbe tuliopokea. Nawaomba muusome nyumbani pamoja na vijana, hasa wale wanaobaki kitandani wakati nyinyi mnakuja kanisani.

Yesu alisimulia habari za pepo mchafu aliyemtoka mtu. Akazunguka mahali pakavu akitafuta pa kupumzika, akakosa, akaamua kurudi alikotoka. Aliporudi aliikuta nyumba imefagiwa na kupambwa, safi kabisa. Lakini kuna neno moja hapo katika Mathayo ambalo hutupita haraka tukisoma: nyumba ilikuwa tupu. Basi akaenda akawaleta wenzake saba walio wabaya kuliko yeye, wakahamia, na hali ya mtu yule ikawa mbaya kuliko mwanzo. Angalia vizuri, mpendwa. Yesu hakusema nyumba ilikuwa chafu. Ufagio ulikuwa umepita. Kilichokosekana ni mwenye kukaa ndani.

Sasa twende Kimana, katika kaunti yetu hii hii ya Kajiado, kule upande wa Amboseli. Wazee wetu wa Kimaasai waliomo kanisani wanalijua jambo la olamayio kuliko mimi, na watanirekebisha nikikosea. Tangu zamani moran alithibitisha ujasiri wake kwa kumkabili simba na mkuki. Aliyemwua alisifiwa na jina lake likabaki midomoni mwa watu. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji. Sheria ikawepo, askari wa wanyama wakawepo, na bado simba waliendelea kuchomwa mikuki kwa miaka mingi. Kwa nini? Kwa sababu sheria ilikataza mkono, lakini haikugusa ile kiu iliyo ndani ya kijana, kiu ya kutaka kuonekana kwamba na yeye ni mtu. Soma Warumi 8:3 uone Paulo anasema nini juu ya yale ambayo sheria haikuweza.

Mwaka 2008 wale wazee wanaoitwa menye layiok, yaani baba wa vijana, wenye jukumu la kulea rika la moran, waliwaendea watu wa uhifadhi. Walitaka uwindaji wa simba uondoke katika mila ya rika jipya. Lakini walikuwa na hekima ya wazee, hawakutaka kuondoa tu. Kukazaliwa michezo inayoitwa Olimpiki ya Wamaasai, ikafanyika mara ya kwanza Desemba 2012 pale Kimana. Vijana wanatoka manyatta zao, wanashindana mbio za mita 200, mita 800 na mita 5,000. Wanarusha rungu kwa shabaha. Wanaruka juu, na hapo si kuruka ule mti mnaouona kwenye televisheni. Moran anaruka wima, kama anavyoruka kwenye ngoma, akijaribu kugusa kamba kwa kichwa. Na kuna kurusha mkuki.

Hebu nisimame hapo kidogo. Mkuki bado upo! Hawakuutupa. Mkono ni ule ule, bega ni lile lile, macho ni yale yale yaliyozoea kupima umbali wa simba. Kilichobadilika ni pale mkuki unapokwenda kuanguka.

Hivyo ndivyo Mungu alivyomfanyia Sauli wa Tarso. Katika Wafilipi 3 anataja bidii yake mwenyewe: alilitesa kanisa, na alilitesa kwa moyo wake wote. Alipokutana na Yesu katika njia ya Dameski, je, Mungu alimwondolea ile bidii akawa mtu mpole wa kukaa kiti cha nyuma? La. Ukifika mstari wa 12 hadi 14 unamkuta anakimbia. Ameyasahau ya nyuma, anajinyoosha kwa ya mbele, anaikaza mbio kuelekea mede. Miguu iliyokuwa ikienda Dameski na barua za kukamata watu sasa inakwenda Filipi, inakwenda Korintho, inakwenda Rumi. Haleluya.

Kuna mtakatifu atasema, pasta, michezo ni mambo ya dunia. Nakuelewa, na 1 Timotheo 4:8 inasema mazoezi ya mwili yafaa kidogo tu. Lakini yafaa. Na kumbuka Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mbio na ndondi, sura ya 9 mstari wa 24 hadi 27, kwa sababu karibu na mji wao palikuwa na mashindano makubwa kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Majani! Paulo hakuwakemea kwa kuujua mchezo huo. Aliuchukua akawahubiria nao, akawauliza kama hawa wanajinyima hivi kwa ajili ya kitu kitakachonyauka wiki ijayo, wewe unajinyima nini?

Turudi kwa vijana wetu wa Matasia. Kijana anaokoka. Tunafurahi, tunampigia makofi. Tunamwambia acha kubeti, acha miraa, acha wale marafiki wa pale steji. Anaacha. Simu anaifuta ile programu ya kubeti, na ni vizuri, maana pesa ya karo na pesa ya mafuta ya pikipiki imeliwa huko. Jumamosi jioni inafika. Zamani alikuwa na mkeka wake, alikuwa na timu, alikuwa na watu wa kubishana nao, alikuwa akijua majina ya wachezaji wote wa Uingereza. Sasa amekaa nyumbani anaangalia ukuta. Nyumba imefagiwa. Imepambwa, hata Biblia mpya amenunuliwa. Jumamosi ya kwanza atavumilia, ya pili pia. Ya tatu, niambieni nyinyi, wale saba watakuwa wamefika wapi?

Roho Mtakatifu ndiye wa kukaa ndani ya nyumba hiyo, hapo hatubishani. Lakini mahali pengi Roho hutumia watu. Barnaba alimchukua Sauli wakati wanafunzi walikuwa wakimwogopa, na baadaye akaenda mpaka Tarso kumtafuta ampe kazi Antiokia (Matendo 9:27 na 11:25). Bila mzee kama Barnaba, Sauli angekaa Tarso akishona hema.

Mlezi wa ile michezo ya Kimana ni David Rudisha, kijana wa Kimaasai kutoka Kilgoris. Baba yake, Daniel Rudisha, alikuwa katika timu ya Kenya iliyoshinda fedha ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne kule Mexico mwaka 1968. Mtoto alikua akijua barabara hiyo ina mtu ameshaipita. Tarehe 9 Agosti 2012, London, fainali ya mita 800, hakukuwa na sungura wa kumwongozea kasi. Rudisha alitangulia mwenyewe tangu mwanzo, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Wengi wanakumbuka hiyo. Mimi namwangalia yule wa nane, wa mwisho kabisa. Alikimbia dakika 1 na sekunde 43.77. Muda huo ungempa dhahabu Beijing 2008, ungempa dhahabu Athens 2004, ungempa dhahabu Sydney 2000. Na yeye alikuwa wa mwisho! Wote saba walivutwa na mtu mmoja aliyekubali kukaa mbele na kukatiwa upepo na kifua chake.

Baba, ndiyo wewe nasema nawe. Mwanao ana nguvu ambazo hujui azipeleke wapi, na umebaki kumwambia usifanye, usiende, usiguse. Mara ya mwisho alikuona ukikimbia wewe ni lini? Alikuona ukiomba asubuhi, ukirudisha chenji iliyozidi dukani, ukikataa kumuuzia mtu ploti ambayo unajua ina kesi? Au amekusikia tu ukikemea?

Jumamosi hii, baada ya maombi ya asubuhi, saa nne, wazee wote na akina baba tutakutana kanisani. Hatutakaa sana. Mpira umenunuliwa na uwanja tumeruhusiwa kutumia kila Jumamosi alasiri, tukianza na kumaliza kwa Neno. Akina mama wamesema binti zao wasiachwe nje, na wana haki. Tunachohitaji ni watu wa kuwa pale na vijana wiki baada ya wiki, mvua au jua. Kila mzee aje na jina la kijana mmoja, asiwe mwanawe, ambaye atatembea naye mpaka mwisho wa mwaka. Viatu vya raba vaa, suti acha nyumbani.