Nani Kamwona Nani

Mjukuu wangu, nasikia umeshapangiwa shule, mama yako amekununulia kamusi nene ya Kiingereza, nawe umeanza kukariri maneno marefu ya kuwatishia wenzako. Sikukatazi. Lakini katika miaka yote niliyosahihisha madaftari ya kidato cha kwanza, waliofelishwa na maneno marefu walikuwa wachache mno. Wengi waliangushwa na maneno ya herufi mbili hadi nne: "he", "it", "me", "them". Kwa hiyo nipe sikio nikueleze habari za sentensi moja ya maneno matatu: "I saw him."

Sisi husema "nilimwona", basi, neno moja limemaliza. Lichambue: "ni" ndiye mimi niliyeona, "li" ni wakati uliopita, "mw" ndiye aliyeonwa, "ona" ndilo tendo lenyewe. Mtenda na mtendwa wote wamo ndani ya kitenzi, na mtendwa ameutangulia mzizi. Mwingereza huwatoa nje, kila mmoja akasimama peke yake, tena kwa mpangilio usiotaka mchezo: mtenda, tendo, mtendwa. Walimu wako watakuambia kiima, kitenzi na yambwa. Wengine watasema shamirisho. Majina yasikubabaishe, kazi ni ile ile: kujua nani kamwona nani.

Makosa mengi tunayochekwa yanatoka hapo, na yana mantiki yake. Tunasema "Baba amefika", na hiyo "a" haikwepeki hata baba akiwa ameshatajwa. Mtoto aliyekua nayo akiandika Kiingereza huitafutia mahali, ndipo unapokuta "My father he has arrived." Ukishamtaja baba, "he" haina kazi tena. Na "Me I want" ni "mimi nataka" iliyovuka mpaka bila kubadili nguo. Kwetu "mimi" hapo ni ya kutilia mkazo tu, kwani kiima kimo ndani ya kitenzi. Kwao "I" ndiyo kiima chenyewe, nayo yatosha.

Kisha mtoto yule yule anageuka, mahali panapotakiwa kiima anakiacha. Tunasema "Ni mwalimu wangu" bila kutaja mtu, tukaandika "Is my teacher." Mvua ikianza, "Is raining." Mwingereza havumilii taarifa isiyo na kiima. Hata pasipo na mtenda atachomeka "it" ili nafasi isikae wazi: "It is raining." Usiniulize hiyo "it" inayonyesha ni nani. Muulize Mwingereza, umwone anavyokuna kichwa.

Kuhusu "he" na "she", usijione mjinga ukiandika "My mother, he loves me." Kiswahili hakiulizi jinsia katika "anapika" wala katika "nilimwona". Mama na baba wote ni "a", wote ni "m". Waturuki, Wafini na Wahungari nao hawana tofauti hiyo katika viwakilishi vyao, na kosa hili wanalo pia. Dawa yake haina ujanja: kabla kalamu haijagusa karatasi, jiulize ni nani huyo unayemzungumzia. Na ukishachagua "she", kumbuka mwenziwe ni "her", na kitenzi cha wakati uliopo kinachomfuata kinadai "s": "She helps him." Ile "s" nimeiona ikisahauliwa na watu wenye shahada zao.

Sasa tuje kwenye "it", maana hapa ndipo penye utamu. Wewe hapo ulipo una kipaji ambacho mgeni hukihangaikia miaka: kitabu nilikiona, mti niliuona, nyumba niliiona, jani nililiona, na hukosei hata ukiamshwa usiku. Kiingereza kinavitupa vyote hivyo mahali pamoja: "I saw it." Vikiwa vingi, vitabu, miti na majani, vyote ni "I saw them", na watu ni "them" hiyo hiyo. Kwa hili wao wana lugha nyepesi, tusiwanyime haki yao.

Wepesi huo lakini una mtego. Sisi tunaweza kuulizwa "Ulinunua kalamu?" tukajibu "Nilinunua", na mtu akaridhika. Ukimjibu Mwingereza "I bought", atabaki anakutazama akisubiri umalizie. Mpe "I bought it." Ukiulizwa kama chakula umekipenda, usiseme "I like" ukanyamaza. Sema "I like it." Kuna vitenzi vinavyokubali kubaki bila yambwa, kama "I have eaten", ila usivifanye kuwa kanuni. Katika madaftari niliyosahihisha, "it" ndiyo iliyokuwa ikiachwa kuliko zote, na nadhani sababu ni hii: kwetu kiambishi cha yambwa hung'ang'ania zaidi watu, "nimemwona Asha", kuliko vitu, "nimeona kitabu".

Huenda ukauliza kwa nini Waingereza wameshikilia mpangilio namna hiyo. Hawakuwa hivyo tangu mwanzo. Kabla Wanormandi hawajavamia Uingereza mwaka 1066, nomino za Kiingereza zilikuwa na miishio ya kuonyesha nani mtenda na nani mtendwa, kwa hiyo maneno yaliweza kusogezwa kwa uhuru zaidi kuliko leo. Miishio hiyo ikalika kidogo kidogo ikaisha, na mpangilio ukarithi kazi yake. Mabaki yake yako kwenye viwakilishi: "I" na "me", "he" na "him", "we" na "us". Hata "they" na "them" hawakuzaliwa nazo, walizipata kwa watu wa Skandinavia waliohamia huko. Na "you", isiyobadilika ikitenda wala ikitendwa, zamani ilikuwa ya mtendwa tu, na ya watu wengi. Mtenda alikuwa "ye", na mtu mmoja alikuwa na viwakilishi vyake mwenyewe, "thou" na "thee". Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 bado inazitenganisha. Kwa hiyo leo "I saw you" haisemi kama ni mmoja au kundi. Usiwacheke, kwani "niliwaona" yetu nayo haisemi kama ni ninyi au ni wao.

Bwenini utakutana na wenzako waliokuja na mipangilio mingine kabisa. Mwenye Kimaasai kwao hutanguliza kitenzi, mtenda na mtendwa wakafuata, na toni ya nomino ndiyo inayosema yupi kafanya na yupi kafanyiwa. Huyo ana safari ndefu kuliko yako, kwa sababu Kiswahili na Kiingereza angalau vinakubaliana nomino zikae vipi: "Juma alimwona Asha", "Juma saw Asha." Mtu wa namna hiyo akikosea, msaidie.

Fungua sasa hiyo kamusi. Kama ni ile ya Oxford ya wanafunzi, mwanzilishi wake ni A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Japani, kwa watu ambao lugha yao huweka kitenzi mwisho. Ilitoka kwanza Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford wakaitoa mwaka 1948. Hornby aliona kwamba mwanafunzi akipewa maana ya kitenzi peke yake hajapewa kitu. Lazima aonyeshwe kinavyokaa na wenzake. Ndiyo maana ndani yake utakuta vifupisho ambavyo wanafunzi wengi huviruka: "sb" ni mtu, "sth" ni kitu. Hivyo ndivyo vya kusoma. Tafuta "tell" utaona mtu anafuata papo hapo: "I told him", wala si "I told to him." Tafuta "explain" utaona kitu kinatangulia, kisha "to", kisha mtu: "She explained it to me." Kwetu "alinieleza" na "aliniambia" zinafanana umbo, ndiyo maana nusu ya darasa huandika "She explained me."

"Give" nacho kiangalie vizuri. "Nilimpa" ni sentensi kamili, kwa sababu kitenzi chetu hubeba kiambishi kimoja tu cha yambwa, na mtu ndiye anayepewa nafasi hiyo. Kitu kitaeleweka kutokana na mazungumzo. "I gave him" haijakamilika. Sema "I gave him a pen", na kama kalamu imeshatajwa, "I gave it to him."

Kwa hiyo nunua daftari dogo la vitenzi tu. Usiandike "help" ukaweka alama ya sawasawa na "saidia". Andika "He helps us", kisha igeuze: "We help him", "She helped me", "They helped her". Zisome kwa sauti hadi ulimi uache kusitasita. Wenzako watakuona wa chekechea, na huenda wakakucheka. Wapishe waendelee na maneno yao marefu.

Siku ya wazazi kutembelea nitakuja na chapati, na kabla hujala nitataka uniletee lile daftari nilikague. Kitenzi kitakachokuwa kimekusumbua kiwekee alama, lakini kiwe ndani ya sentensi, ili nijue umekwama kwa mtenda au kwa mtendwa.