Je, Ujazo Huru Upo?

Swali la iwapo kitu kisichoonekana huthibitika kuwapo kwa sababu tu hesabu iliyojengwa juu yake hutoa majibu sahihi ni la zamani katika falsafa, nalo hujitokeza waziwazi katika kukadiria jinsi molekuli ndogo zinavyopenya ndani ya polima, yaani dutu ya minyororo mirefu ya molekuli kama plastiki. Kanuni ya Adolf Fick ya mwaka 1855 ilieleza kwamba dutu husambaa kutoka penye wingi kwenda penye uchache, lakini haikusema molekuli hupita wapi. Mwaka 1959 Cohen na Turnbull walitoa jibu: molekuli hukaa ikisubiri hadi mtikisiko wa joto ukusanye nafasi tupu ya kutosha kando yake, ndipo ihamie humo. Nafasi hizo kwa jumla huitwa ujazo huru. Vrentas na Duda, mwaka 1977, waliipeleka hoja hiyo kwenye michanganyiko ya polima na kiyeyushi, ambamo kiyeyushi huongeza nafasi hizo na kuilegeza minyororo. Ndiyo maana tolueni, kiyeyushi kimojawapo, ikiwa chache ndani ya polima ya polistireni husogea kwa taabu, ilhali ikizidi, kasi yake hupanda mara maelfu.

Ernst Mach, aliyeziona atomi kuwa chombo tu cha kufikiria, angeridhika hapo, na hoja yake si ya kupuuzwa, kwa kuwa tarakimu nyingi za modeli hiyo hutokana na vipimo vya mnato (uzito wa kutiririka) wa dutu zilezile. Hata hivyo, atomi zilikubalika pale Jean Perrin, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1926, alipoonyesha kwamba njia nyingi zisizotegemeana hufikia karibu idadi ileile ya molekuli katika moli moja (kipimo cha kiasi cha dutu). Matundu ya polima nayo yana shahidi wa pembeni: positroni, chembe iliyo kama elektroni ila yenye chaji chanya, ikiungana na elektroni ndani ya tundu, muungano huo kwa kawaida hudumu zaidi kadiri tundu lilivyo kubwa.

Kwa kigezo cha Perrin, basi, matundu yapo. Ujazo huru wa milinganyo, ambao si lazima uwe sawa na ule unaopimwa na positroni, haujafikia hadhi hiyo, na mhandisi anayekokotoa ukaukaji wa rangi anaweza kuutumia bila kuuamini.