Subira ya Mgonjwa na Kuutuliza Mwili

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maradhi akateremsha na dawa yake. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Huulizwa na wenye kuuguza: Mtu aliyepasuliwa kifua, naye ana maumivu makali wala hapati usingizi, je, akitafuta njia ya kuutuliza mwili wake huwa amepungukiwa na subira? Au bora anyamaze, aume meno, angojee thawabu zake? Swali hili si dogo, kwani jawabu yake yaweza kumfaa mgonjwa na yaweza kumdhuru.

Kwanza ijulikane hali yenyewe. Mwaka 1933, katika mji wa St. Louis, Marekani, tabibu Evarts Graham alimtoa mgonjwa wa saratani pafu zima kwa mpasuo mmoja. Na mgonjwa huyo, aliyekuwa naye ni tabibu, akaishi baada yake kiasi cha miaka 30. Tangu hapo wengi wamepata kupona kwa njia hiyo. Walakini jeraha la kifua si kama jeraha la mguu, ambalo mtu aweza kulipumzisha. Mkato hupita baina ya mbavu, na mbavu husogea kila avutapo pumzi. Basi mgonjwa huogopa kuvuta pumzi ndani, huogopa na kukohoa; makohozi yakakaa kifuani, na humo huweza kuzaliwa homa ya mapafu. Usiku ukiingia huja khofu. Khofu hukaza shingo na mabega. Kukaza huzidisha maumivu. Maumivu hufukuza usingizi. Na aliyekesha huumwa zaidi kesho yake.

Katika njia za kuikata silsila hiyo ni ile aliyoieleza Edmund Jacobson, tabibu wa Chicago, katika kitabu alichokitoa mwaka 1929. Muradi wake ni huu: mtu hukaza kiungo kimoja kwa muda mchache, kisha hukilegeza polepole, akiangalia tafauti ya hali mbili hizo, aanze mkono, kisha mkono wa pili, kisha uso, na miguu, mpaka mwili wote utulie. Aliyepasuliwa kifua asikaze kifua wala bega la upande wa jeraha maadamu ni bichi; viungo hivyo atavilegeza tu. Huongeza na kuvuta pumzi kwa utaratibu, akaitoa kwa kirefu kuliko alivyoivuta. Na akitaka kukohoa hukumbatia mto juu ya jeraha, ili lisitikisike. Haya yote ni msaada, si badala ya dawa. Dawa ya maumivu ainywe kama alivyoamriwa na tabibu wake, na maumivu yakizidi ghafula, au pumzi ikibana, aitwe tabibu upesi.

Ama hukumu ya sharia, Imamu Nawawi amesema katika Minhaji kuwa ni sunna kwa mgonjwa kujitibu, na ni makuruhu kumlazimisha. Na kutuliza maumivu ni katika kujitibu, hasa maumivu yanayomzuia mtu pumzi yake.

Atasema msemaji: "Maumivu hufuta madhambi, ayaondoaye hujiondolea thawabu." Jawabu ni kwamba thawabu ni za kuridhika na alilolileta Mwenyezi Mungu, si za kukishika kinachoweza kuondoka. Mwenye njaa akivumilia kwa kukosa chakula hulipwa. Lakini akiwekewa chakula cha halali akakikataa mpaka akadhoofika, hakuna aliyemwita mwenye subira. Nabii Ayubu alimlilia Mola wake kwa dhara iliyompata, na juu ya hayo Mwenyezi Mungu akamsifu kwa subira. Basi kuomba nafuu hakukuitangua subira yake.

Atasema tena: "Urwa bin Zubeir alipokatwa mguu alikataa kunyweshwa cha kumpoteza akili." Ndivyo ilivyopokewa, na hiyo ni daraja yake. Walakini Imamu Nawawi amejuzisha dawa ya kuondoa akili kwa mwenye kukatwa kiungo kilichooza. Aliyoyachagua Urwa kwa nafsi yake hayakuwa sharia juu ya shingo za watu. Mtu aweza kujichagulia uzito. Hawezi kumchagulia mwenziwe aliyelala kitandani. Na hata huyo ajichaguliaye, mpaka wake ni pale ambapo uvumilivu wake utaudhuru mwili, kwani mwili ni amana, nao una haki juu ya mwenyewe.

Wako na wanaochukia kwa kuwa njia hii imetoka kwa asiyekuwa Muislamu. Mtume (S.A.W.) katika safari ya Hijra alimwajiri Abdallah bin Uraikit awaonyeshe njia, naye alikuwa mshirikina, njia ya jangwani haikuwa najisi kwa kuonyeshwa naye. Mishipa na pumzi ni viumbe vya Mwenyezi Mungu. Lau mafundisho hayo yangechanganywa na maneno ya ibada ya dini nyengine, hayo yangeachwa na yaliyo ya mwili yakatwaliwa.

Lakini kuna hadhari ya upande wa pili. Asidhani mtu kuwa dhikiri ni namna tu ya kuleta usingizi. Bi Fatima, radhi za Mungu ziwe juu yake, alipochoka kwa kusaga akaomba mtumishi, Mtume alimfundisha alalapo asabihi mara 33, ahimidi mara 33, na akabiri mara 34. Alifundishwa ibada, na ndani ya ibada ikawa faraja. Mgonjwa aulegeze mwili kwa sababu zake, na ulimi wake umtaje Mola wake; usingizi ukija ashukuru, na usipokuja hakupata khasara. Na asiyeweza kusali wima asali kwa kuketi, na asiyeweza kuketi asali kwa ubavu, wala asijione mpungufu.

Limebaki jambo la wenye kuzuru. Wako wamwambiao mgonjwa anayeugua, "Nyamaza, wewe ni mwanamume!" Basi yeye kwa haya hazungumzi na tabibu juu ya maumivu yake, wala hakohoi, mpaka kifua kikaharibika. Baadhi ya wanavyuoni walisema kuugua ni makuruhu, na Imamu Nawawi akaipinga kauli hiyo, kwa kuwa Mtume mwenyewe alitaja kuumwa kwa kichwa chake. Ila alisema kushughulika na dhikiri ni bora. Ikiwa Mtume alisema kuwa anaumwa, ni nani huyo atakayemtia haya mgonjwa?

Mwenye kumzuru mgonjwa apunguze maneno, amwombee dua, amshikie mto akohoe, kisha aondoke amwache alale. Subira si kuutesa mwili. Subira ni moyo kutomshitaki Mola wake, hali mkono unashika sababu alizoziweka Yeye.

Wallahu aalam.