Mgeni Asiyeshika Jembe

Wahenga waliusia kwamba mgeni ale siku mbili, na ya tatu akabidhiwe jembe. Usia huo ni wa haki, kwa kuwa unampa mgeni heshima ya ugeni na kisha heshima ya uenyeji. Lakini yupo mgeni ambaye hawezi kulishika jembe hata akikaa miaka ishirini, naye ni mmea uliopandwa katika ardhi isiyoutaka.

Katika nyua za Maskati, hasa za nyumba ambamo Kiswahili kingali kinasemwa na watu walioondoka Unguja na Pemba baada ya 1964, wengi wao wakaingia Oman kuanzia 1970, si ajabu kukuta kibustani kisichozidi mapana ya mikeka miwili. Humo mna mchaichai, mrehani, mpilipili, mwasumini ukutani, na pengine mashina mawili matatu ya muhogo yaliyopandwa kwa ajili ya kisamvu. Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Maskati hupata kiasi cha 100, na mwaka mwingine hata hizo hazifiki. Mwezi wa Juni 2018, huko Qurayyat, kusini-mashariki ya mji huo, ilipita siku nzima, usiku na mchana, bila ya joto kushuka chini ya nyuzi 42. Mmea wa Unguja katika hali hiyo huishi kwa hisani tu.

Na hisani hiyo ina gharama. Maji ya bomba ya Maskati kwa sehemu kubwa ni maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, kazi iliyoanza Ghubrah mwaka 1976. Kwa mitambo ya siku hizi, kila mita moja ya ujazo hula takriban uniti 3 au 4 za umeme, na umeme wa Oman hutokana zaidi na gesi. Maji mazito ya chumvi yanayobaki hurudishwa baharini. Basi ua la asumini linalovunjwa magharibi likasokotwa kikuba limepitia mtamboni kabla ya kupita mikononi mwa bibi mwenye nyumba. Je, ni halali kuitaka ardhi izae kisicho chake, kwa sababu tu moyo wa mtu umekizoea?

Wapo watakaojibu upesi kwamba kila mti una pahala pake. Jibu hilo halisimami, na watu wa visiwani ndio wa kwanza kulijua. Mkarafuu ulitoka Maluku; muhogo ulitoka Marekani ya Kusini. Leo nani atasema kuwa hiyo si miti ya nyumbani? Hata hivyo, kisa cha mkarafuu kina upande wa pili ambao haufai kufichwa. Ule ulipata mvua na ukazaa, lakini jembe lake lilishikwa na watumwa mpaka utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Pale ambapo mgeni halimi, huwapo anayelima badala yake. Swali la nani huyo ni zito kuliko swali la asili ya mti. Sheria ya Oman imezuia kazi za juani kuanzia saa sita u nusu hadi saa tisa u nusu mchana, Juni hadi Agosti, lakini mkaguzi haji uani kumtazama kijana wa kigeni aliyeshika mpira wa maji. Bustani inayomwagiliwa kwa jasho la namna hiyo haitakaswi na harufu ya mrehani.

Oman yenyewe inayo hekima kongwe juu ya jambo hili. Katika aflaji, mifereji ambayo mitano kati yake iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, maji yana daraja. Kwanza huchotwa ya kunywa, kisha ya kuoga na kutawadhia, kisha hufika mitendeni, na mwisho kabisa kwenye viwanja vya mazao ya msimu. Kila mwenye zamu hupewa kipande cha muda, kilichopimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Ukame ukija, viwanja vya mwisho ndivyo vinavyoachwa vikauke, ili mtende upone. Bomba halina daraja wala zamu. Hutoa sawasawa kwa mwenye kiu na kwa mwenye kuosha gari, na hapo ndipo ubaya unapojificha. Imepokewa kwamba Mtume aliukataza ufujaji wa maji hata kwa anayetawadha kwenye mto unaopita, yaani palipo tele.

Lakini uchache peke yake nao si wema. Anayenyunyiza kidogo kidogo kila siku, akidhani anabana, huuua mmea polepole: jua hunyonya maji na kuiacha chumvi juu ya mizizi. Mtunzaji mzuri humwagilia kwa nadra na kwa kina, alfajiri au baada ya jua kuchwa, chumvi ishuke chini. Kisha huifunika ardhi kwa makuti. Nusu ya ukarimu humwumiza mgeni kuliko kumwambia mapema kwamba nafasi haipo.

Kumbukumbu nayo ni haja. Mtu aliyehama hali kisamvu kwa ajili ya tumbo peke yake, na asiyeliona hilo hajawahi kuhama. Ila haja hiyo ina pahala pake mkiani mwa mfereji, baada ya wanywao. Ziko nyumba zinazoishi hivyo bila ya kulitaja: maji ya kuoshea mchele na mboga huenda kwa mchaichai, ya kutawadhia huenda kwa mwasumini, na mkunazi wa nchi hiyo hupandwa upande wa magharibi ili uvikinge vyote na jua la alasiri. Nyasi za mapambo hazipandwi. Juni inapoingia, muhogo huchumwa majani ya mwisho ukaachwa ufe. Oktoba, joto linapolegea, mtu hutumwa kwa jirani kuomba vipande viwili vya mti.