Posa Mbili za Mwana Fatuma

Shangazi yangu ana swali moja kwa kila mwanamke anayetajwa mbele yake, awe waziri, rubani au marehemu: "Kaolewa na nani?" Ndilo aliloniuliza juzi tulipokaa kwenye ngazi za mawe ndani ya Ngome Kongwe, tukingoja ngoma ianze. Nilikuwa namsimulia habari za Mwana Fatuma binti Yusuf, malkia wa Unguja mwishoni mwa karne ya 17. Inasimuliwa kuwa nyumba yake ilikuwa hapo jirani, pale ilipokuja kujengwa Beit al-Ajaib.

"Abdalla, mfalme wa Utondwe, ng'ambo huko upande wa Saadani."

"Kumbe posa ilivuka bahari." Akaridhika, akarudi kwenye kashata zake.

Neno hilo, posa, likaniganda. Maana Fatuma alikuwa na wachumba wengine wawili, Mreno na Mwomani, wala hawakumtaka yeye, waliitaka bandari. Hebu tupewe jukwaa la Ngome Kongwe tucheze kichekesho chake. Mshenga mmoja anaingia na barua ya Wareno kutoka Goa, mwenzake anatokea upande wa pili na salamu za Imamu wa Oman, kila mmoja anajifanya kapita tu kujulia hali. Malkia kakaa na tambuu yake mdomoni, anawauliza bei ya mchele.

Waingereza wana mchezo kama huo tayari, na Elizabeth wao wa kwanza, aliyetawala miaka 44 na wachumba wa Ulaya wakamsubiri mpaka wakachoka. Shangazi mwenyewe aliwasubirisha wazee wa mumewe Ramadhani mbili, na hadi leo anaisimulia kwa madaha. Lakini kusubirisha kunataka nafasi, na Unguja ya wakati ule haikuwa nayo. Malkia mwingine kabla yake, Mwana Mwema, aliegemea Oman. Waomani wakaja 1652 wakawapiga Wareno waliokuwa kisiwani, kisha Wareno wakarudi kulipiza, na malkia huyo akakimbia. Fatuma akashika upande wa pili. Waomani walipoizingira Fort Jesus ya Mombasa kuanzia 1696, aliwapelekea Wareno chakula kwa majahazi. Majahazi yakakamatwa. Desemba 1698 ngome ikaanguka, na malkia akachukuliwa mateka hadi Maskati.

Yaani ukimkubali huyu unapigwa na yule, na ukimkubali yule unapigwa na huyu. Mimi hapo nacheka, kisha najiuliza nacheka nini. Wapo wanaomwita kibaraka wa Wareno, kana kwamba palikuwa na mchumba wa tatu aliyekuja na mikono safi. Na ngazi tulizokalia zimo ndani ya ngome ya washindi wenyewe, waliyoijenga palipokuwa na kanisa la Wareno. Mchezo wa Fatuma ungechezwa uani kwa mchumba aliyemkataa.

Watembeza wageni mjini hawamtaji sana. Wanaye Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyeondoka 1866 kwa ajili ya Mjerumani, na ile habari ya mapenzi haiishi utamu. Hata huyo wanamsimulia nusu. Mwaka 1859, akiwa na miaka 15, Salme ndiye aliyekuwa karani wa njama za kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao Majid, kwa sababu alikuwa amejifundisha kuandika mwenyewe kwa siri. Msichana mwenye kalamu katikati ya fitina za ndugu: hicho ni kitendo kizima cha tamthilia, na tumekiacha tukakimbilia mapenzi ya Mjerumani. Kwa hilo simlaumu shangazi peke yake.

Nikammalizia kisa: baada ya miaka kadhaa Fatuma aliruhusiwa kurudi Unguja. Shangazi akanyamaza kidogo. Nilidhani atauliza kama mume alimngoja.

"Na huko Maskati," akasema, "nazi alipata wapi?"

Kabla sijajibu alikwishajitanda kanga upya, kidevu juu, mkono mmoja umeshika sahani isiyoonekana. Akaonja. Akamgeukia mlinzi wake wa hewani, taratibu, kama mtu mwenye nchi.

"Baba, wali huu mmeupika kwa maji?"

Safu ya nyuma yetu wakaacha simu zao.